Mtoto kauliza "kwa nini" darasani, katolewa nje. Tunataka kweli skuli zifundishe kufikiri?

Mama wa Fuoni

Assalamu alaykum jamani. Nina jambo linanikera tangu Jumatatu, naomba tulizungumze kwa uzito wake.

Mwanangu wa kike yuko Fomu Wani. Wamefika kwenye namba hasi, mwalimu kaandika ubaoni: hasi mara hasi ni chanya. Mtoto kanyoosha mkono, kauliza, "Kwa nini, mwalimu?" Kajibiwa, "Ndivyo ilivyo, na ndivyo itakavyokuja kwenye mtihani. Kaa." Kauliza tena, kwa adabu zake zote, maana mie ndiye niliyemlea. Katolewa nje, kasimama barazani mpaka kengele ikalia. Skuli siitaji wala mwalimu simtaji; sikuja hapa kumvunjia mtu heshima yake.

Lakini kila kikao cha wazazi tunaambiwa mtaala sasa ni wa umahiri, watoto watajengewa fikra tunduizi, watahoji, watachambua, hawatakariri tena. Mie nikaamini. Sasa nauliza: hiyo fikra tunduizi iwe somo lenye kipindi chake na mwalimu wake, au iingie ndani ya kila somo? Na jambo lenyewe limetoka wapi hasa, msingi wake nini? Baba yake anasema haya ni mambo ya Kizungu, yakiingia adabu inatoka. Mie sikubaliani naye, ila sina la kumjibu. Na nikikosa la kumjibu, mtoto atanyamazishwa mara mbili, skuli na nyumbani.

Mwinyi wa Kikwajuni

Wa alaykum salaam dada. Pole na mtoto.

Asili yake ni Wagiriki, hilo halina ubishi. Socrates, mtu wa Athens, karne ya tano kabla ya Masihi. Alikuwa anawasimamisha watu sokoni: wewe jemadari, ushujaa ni nini? Wewe mcha Mungu, uchaji ni nini? Mtu anajibu kwa kujiamini, anaulizwa swali la pili, la tatu, mwisho anagundua alikuwa hajui anachokisema. Mama yake alikuwa mkunga, na yeye akasema kazi yake ndiyo hiyo hiyo: hazai fikra mwenyewe, anawazalisha wenzake. Baada ya hapo nenda kwa Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, 1784, aliyesema mtu mzima ni yule anayethubutu kuitumia akili yake bila kushikwa mkono. Kisha Dewey wa Marekani, 1910, aliyeonyesha kwamba kufikiri kunaanza pale mtu anapokwama, kama msafiri aliyefika njia panda. Haya ya fikra tunduizi kwenye mtaala sehemu kubwa yanatoka kwa Dewey.

Kwa hiyo mumeo kasema kweli kwamba yametoka huko. Alipokosea ni kudhani ni mabaya. Sisi hatukuwa nayo. Sote tumepitia chuoni, kwenye madrasa za Qur'ani, tunajua: kukariri kama kasuku na bakora kichwani. Serikali iweke somo la falsafa kuanzia Fomu Wani, basi.

Maalim wa Wete

Mwinyi, ya Socrates nimekuachia. Hapo pa kasuku pamenichoma.

Nimesomesha chuo miaka thelathini na moja. Kasuku husema neno asilojua limetoka wapi. Mwanafunzi wa elimu yetu kitu cha kwanza huulizwa: umesoma kwa nani, na huyo naye kasoma kwa nani? Elimu nzima ya hadithi za Mtume imejengwa juu ya swali hilo. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 wa Hijria, hakupokea neno kwa sababu tu msemaji ana ndevu nyeupe. Aliuliza: huyu na yule waliwahi kukutana? Kumbukumbu yake ikoje? Ana sifa ya uongo? Ikawa elimu yenye jina lake, jarhi na taadili, kumtia mpokezi ila au kumsafisha. Nionyeshe huyo Mgiriki aliyezipepeta habari namna ile.

Na kuhifadhi si mwisho wa safari. Mtoto wa miaka sita unamjaza kwanza kwa sababu umri ule kifua kinashika. Akikua anaingia darsani: fiqhi, nahau, kisha mantiki. Mantiki! Elimu ya kupima hoja, dai hili na dalili yake na natija yake. Al-Akhdari, mwanachuoni wa Algeria wa karne ya kumi na sita, aliitungia shairi la beti mia na arubaini na kitu, wanafunzi wakalihifadhi kwa moyo. Walikariri kanuni za kufikiri. Haya niambie, hao kasuku au si kasuku?

Mtu wa Chake

Maalim, heshima yako ipo palepale, na mie nimekulia Pemba hiyo hiyo. Lakini usituambie ya darsani wakati tulio wengi hatukufika darsani.

Chuo nilichosoma mie tulikuwa watoto arubaini juu ya majamvi. Hakuna hata mmoja aliyeifikia hiyo mantiki. Tulipofika Suratul Maun nikauliza, "Maun ndiyo nini?" Nikala bakora mbili, ya kwanza kwa kuuliza, ya pili kwa kulia. Nimekuja kuijua maana yake nina miaka ishirini na nne, kwa kujisomea: ni vile vitu vidogo watu wanavyoazimana, sindano, ndoo, chumvi. Sura ile inamlaumu mtu anayemnyima jirani yake chumvi! Nami nilikuwa naisoma kila siku natetemeka, sijui nasema nini. Jirani yetu alikuwa mjane, anatumwa mwanawe kuja kuomba moto. Ningeelewa nikiwa na miaka saba, ningekuwa mtoto mwengine.

Hilo ndilo linaloniuma. Elimu ilikuwapo, ila sie tuliwekwa mbali nayo.

Maalim wa Wete

Kosa la fundi usilitupie randa. Aliyekupiga alikosea, na kama yuhai aambiwe. Lakini usiseme "chuo" kana kwamba vyote ni hicho chako kimoja. Mie wanafunzi wangu huniuliza.

Mtu wa Chake

Maalim, wanakuuliza nini? Tupe swali moja tu ulilowahi kuulizwa ukasema "hili silijui, ngoja nikatazame".

Bint Mkunazini

Naomba niingie hapa kabla hamjapigana. Mwinyi, huyu Socrates wako si ndiye aliyeuawa kwa kitabu alichokiandika? Kama Wagiriki ndio baba wa kuhoji, mbona walimuua mhoji wao?

Mwinyi wa Kikwajuni

Hakuandika kitabu hata kimoja. Tunayoyajua mengi kayaandika mwanafunzi wake Plato. Mwaka 399 kabla ya Masihi alishtakiwa kwa mambo mawili: kutoiheshimu miungu ya mji, na kuwaharibu vijana. Akahukumiwa kunywa sumu, akanywa. Tazama shtaka la pili, ndilo analolisema baba wa mtoto huyu: adabu inatoka. Shtaka hilo ni la zamani sana.

Na mfano wake mzuri kuliko yote ni ule wa mtumwa. Socrates alimwita kijana mtumwa asiyesoma, akamchorea mraba wa upande wa futi mbili. Akamuuliza: nataka mraba mwengine, ukubwa wake mara mbili ya huu, upande wake uwe futi ngapi? Kijana akasema nne. Wakahesabu, ukawa mara nne badala ya mara mbili. Akasema basi tatu. Nayo haikuwa. Hapo akakiri kwamba hajui. Socrates akafurahi, akasema sasa yu pahali pema kuliko mwanzo. Kwa maswali matupu wakafika: upande unaotakiwa ni ule mstari unaokata mraba wa kwanza kona kwa kona. Hakuambiwa jibu. Mtumwa!

Bint Mkunazini

Na baada ya hapo?

Mwinyi wa Kikwajuni

Baada ya hapo vipi?

Bint Mkunazini

Baada ya hapo yule kijana alikwenda wapi? Kazi yangu ni kutembeza wageni mjini. Kila siku nasimama pale Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873, nawaeleza watu. Na kila siku yuko mgeni anayetaka kusikia kwamba mtumwa fulani alikuwa hodari, alijua kusoma, bwana wake akimpenda. Namwambia: na alipomaliza kusoma, aliachwa huru? Ya kufunga soko yalikuwa 1873, lakini sheria ya kuondoa utumwa wenyewe Unguja ilingojewa mpaka 1897. Watu wameishi na kufa katikati hapo.

Kijana yule alithibitisha mbele ya mabwana kwamba akili yake ni sawa na zao, kisha hakuna aliyesema "basi mwachieni". Wakaendelea kuzungumza juu ya wema ni nini. Ukinambia huo ndio msingi wa elimu ya kuhoji, mie nauliza mbona hakuna aliyelihoji hilo. Si utani, Mwinyi. Naona umelipita haraka.

Mwinyi wa Kikwajuni

Unampima mtu wa miaka elfu mbili na mia nne iliyopita kwa mizani ya leo. Hapa Unguja watumwa walimilikiwa na watu waliosali safu ya mbele, mbona huwahoji hao?

Bint Mkunazini

Nawahoji kila siku, kwa sauti, mbele ya watu, na nimeshatukanwa kwa hilo. Wewe umewahi?

Mzee wa Kojani

Nyie mnatupiana Wagiriki, mie neno lenyewe linanisumbua. "Fikra tunduizi." Kwetu Kojani kumtunduia mtu ni kumchungulia pasi na yeye kujua. Tukiambiwa fulani anatunduia, tunafunga dirisha. Sasa mtoto wangu afundishwe kuchungulia? Mbona hamkusema udadisi, au uhakiki, au kupima maneno tu?

Mwinyi wa Kikwajuni

Mzee, kutunduia ni kutazama kitu kwa makini mpaka uone undani wake. Neno halina ubaya.

Mzee wa Kojani

Lugha hii sikuikuta kitabuni, nimezaliwa nayo. Kutazama kwa makini waziwazi ni kuangaza. Kutunduia kuna kujificha ndani yake. Neno likianza na kujificha, na mtoto naye atauliza kwa kujificha.

Mtu wa Chake

Mzee kasema kitu kikubwa hapo. Mimi baada ya zile bakora mbili niliuliza maswali yangu yote kwa kujificha.

Mwinyi wa Kikwajuni

Maalim, nimerudi kwako. Umenitajia al-Akhdari na mantiki yake. Nimekwenda kutazama. Al-Akhdari wako mwenyewe anasema ndani ya shairi hilo kwamba Ibn al-Salah na Imamu Nawawi waliiharamisha mantiki. Nawawi! Nguzo ya madhehebu yetu ya Shafi, ambaye hakuna kadhi wa Kishafi aliyepita Unguja asiyemtegemea. Kwa hiyo hiyo hoja yako kwamba kufikiri kulikuwa kwetu tangu zamani imeanguka kwa shahidi uliyemleta mwenyewe.

Maalim wa Wete

Umesoma nusu. Endelea mstari unaofuata: anasema wako walioona inapasa kujulikana, na kauli mashuhuri iliyo sahihi ni kwamba inajuzu kwa mwenye akili timamu aliyeizoea Sunna na Kitabu, apate kuongoka kwenye usawa. Katoa kauli tatu zinazopingana, kamtaja Nawawi kwa jina, kisha hakumfuata. Na watoto wakaihifadhi tofauti hiyo ya wanavyuoni pamoja na somo lenyewe. Unajua maana yake? Kabla hujajifunza kupima hoja, umeshafundishwa kwamba wakubwa wako walikhitilafiana juu ya kujifunza kwenyewe.

Na Imamu Ghazali kasema kabla yao wote: asiyeidhibiti mantiki, elimu yake haina kutegemewa. Ghazali ni Shafi vilevile.

Kijana wa Bububu

Ghazali si ndiye aliyefunga mlango wa kufikiri katika Uislamu? Aliwakufurisha wanafalsafa, na tangu hapo Waislamu wakarudi nyuma. Nimelisikia hili mara nyingi.

Maalim wa Wete

Na mie nimelisikia mara nyingi, na kusikia mara nyingi si dalili. Aliwakosoa wanafalsafa katika masuala ishirini, akawakufurisha katika matatu: kusema ulimwengu ni wa milele, kusema Mwenyezi Mungu hajui mambo madogo madogo yanayotokea, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Hesabu yao na mantiki yao hakuzitupa. Kisha Ibn Rushd wa Andalusia akaja kumjibu kitabu kwa kitabu, hoja kwa hoja, na Ghazali yumo kaburini miaka mingi. Mlango uliofungwa watu hawapiti wakibishana.

Ila nikwambieni la Ghazali linalohusu mada ya huyu dada. Anaeleza alivyoanza. Alitazama akaona watoto wa Kinasara wanakua Manasara, wa Kiyahudi Mayahudi, wa Kiislamu Waislamu. Akajiuliza: basi hiki nilicho nacho nimekijua, au nimekirithi? Akaanza kupima kila kitu. Akatazama nyota, jicho linaiona kama dinari, na hesabu ya mafalaki inathibitisha ni kubwa kuliko dunia. Akasema jicho limenidanganya, na akili je? Akaugua shaka karibu miezi miwili. Huyo Mfaransa Descartes mnayemtaja vyuo vikuu kwa ajili ya shaka kaandika 1641. Ghazali kafariki 1111.

Na humo ndimo alimotoa mfano huu. Anasema: mie najua kumi ni kubwa kuliko tatu. Akija mtu akasema, "Hapana, tatu ni kubwa kuliko kumi, na dalili yangu ni kwamba nitaigeuza fimbo hii iwe nyoka," kisha akaigeuza kweli mbele ya macho yangu, nitastaajabu kaiwezaje. Lakini sitoshuku ninalolijua.

Mtu wa Chake

Maalim. Soma tena ulichoandika.

Fimbo ikigeuka nyoka haithibitishi kwamba tatu ni kubwa kuliko kumi. Basi na fimbo iliyobaki fimbo, ikanipiga mgongoni, imethibitisha nini?

Maalim wa Wete

...

Hilo limenipata. Sikulifikiria upande huo. Niache kidogo.

Mzalendo wa Jang'ombe

Mnakwenda Baghdad na Athens, mnaacha la nyumbani. Wakoloni walisomesha wachache. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Karume akatangaza elimu bure kwa kila mtoto wa Unguja na Pemba. Bila siku ile wengi wenu msingekuwa hapa mnataja Descartes. Msingi wa kufikiri ni kufika skuli kwanza.

Kijana wa Bububu

Hilo sawa mzee. Na Nyerere 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, alisema elimu impe mtoto vitu vitatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine akachukua linalomfaa na kulikataa lisilomfaa, na kujiamini kwamba yeye ni mtu huru sawa na wenzake. Hiyo ndiyo fikra tunduizi, imeandikwa kabla ya mtaala wowote wa umahiri.

Mzalendo wa Jang'ombe

Usituletee ya Bara hapa. Elimu yetu ya skuli si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake, sera yake na mtaala wake.

Kijana wa Bububu

Na mtihani wa Fomu Foo unatungwa na baraza gani, mzee? Baraza la Mitihani lile la Tanzania limo ndani ya orodha ya Muungano. Tunajiandikia mtaala wa kuhoji, kisha anayetupima yuko Dar es Salaam. Mwalimu atafundisha nini, cha mtaala au cha mtihani?

Mzalendo wa Jang'ombe

Wewe ni wa umri gani, unizungumzie hivyo?

Kijana wa Bububu

Sikukusudia kukuvunjia heshima. Lakini mzee wangu, umri wangu haubadilishi anayetunga mtihani.

Baharia wa Mkokotoni

Mimi si msomi sana, niliachia Fomu Tuu nikaingia baharini. Nawasoma tangu asubuhi na hamjalitaja la lugha. Ile sera ya 2006 iliamua hisabati na sayansi zigeuke Kiingereza mtoto akifika darasa la tano. Mie wa nyuma kidogo, kwetu zamu ilifika Fomu Wani, na siku ile nilinyamaza. Sikuwa nimekosa la kuuliza. Baharini nauliza kila siku: kwa nini kusi limechelewa, kwa nini pweza hawapo kwenye bamvua hili. Darasani nilikuwa na swali kichwani kwa Kiswahili, nikianza kulitafuta kwa Kiingereza mwalimu kashafuta ubao.

Huyu mtoto wa Fuoni kapata bahati. "Kwa nini" aliweza kulisema.

Mama wa Fuoni

Kaka wa Mkokotoni, kauliza kwa Kiswahili. Nahisi na hilo lilichangia.

Fundi Hisabati

Nilikuwa sitaki kuandika, ila nimeshindwa.

Mie ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, si yule wa mtoto huyu, lakini ningeweza kuwa ndiye. Nataka niseme kitu ambacho walimu hatukisemi. Mtoto anapouliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya, mara nyingi mwalimu hamtoi nje kwa sababu kavunja adabu. Anamtoa kwa sababu hajui. Mie nimelisomea somo hili, nimelifaulu, na hakuna siku mtu aliniambia kwa nini. Nilipewa kanuni, nikaipa watoto. Siku ya kwanza kuulizwa, wamekaa watatu watatu dawati moja, wote wananitazama, nilihisi uso unapata moto. Nikasema "ndivyo ilivyo". Nikampa kazi ya kufuta ubao yule aliyeuliza. Mpaka leo namkumbuka jina.

Mnabishana kama liwe somo lake au liingie kila somo. Nani atalisomesha? Mkilifanya somo, atapewa mwalimu mwenye vipindi vichache, naye ataandika ubaoni: "Hatua tano za kufikiri", watoto watakariri hatua tano, na mtihani utauliza taja hatua tano. Mwinyi, hiyo falsafa yako ya Fomu Wani nayo itafika hapo hapo, Socrates atakuwa tarehe ya kukariri. Yule Freire wa Brazili aliita elimu ya namna hii ni kama kuweka pesa benki, mwalimu anaweka, mtihani unatoa. Sie hata Freire mwenyewe tulifundishwa hivyo chuo cha ualimu: taja sifa za elimu ya benki, alama kumi. Nilipata tisa.

Mwinyi kasema kijana yule wa Kigiriki alikiri hajui ndipo akaanza kujifunza. Sawa, lakini kule aliyekiri ni mwanafunzi. Mimi nataka kujua mwalimu wa Zanzibar anaweza kukiri wapi bila mkaguzi kumwandika na wazazi kumcheka.

Mtu wa Chake

Kaka, umesema wewe mwenyewe leo, na hakuna aliyecheka.

Mwinyi wa Kikwajuni

Sikubali kwamba Socrates awe wa kulaumiwa kwa walimu wabovu.

Fundi Hisabati

Hakuna aliyemlaumu Socrates! Umeliona hilo tu katika yote niliyoandika?

Baharia wa Mkokotoni

Samahanini. Kwani hasi mara hasi ni chanya kwa nini? Tumeandika siku nzima na hakuna aliyemjibu mtoto.

Bint Mkunazini

Wallahi kweli.

Baharia wa Mkokotoni

Mie nalijua hivi. Hasi ni deni. Nina madeni matatu dukani, kila moja elfu mbili. Mwenye duka kanisamehe yote matatu, kayafuta daftarini. Kuondolewa ni hasi, deni ni hasi. Mara tatu kaniondolea elfu mbili ya deni, kwa hiyo hali yangu imepanda kwa elfu sita. Pesa mkononi sijashika, lakini niko juu kwa elfu sita kuliko jana.

Maalim wa Wete

Ahsante, nimefahamu. Lakini huo ni mfano, si burhani, yaani si uthibitisho. Mfano unaituliza roho tu. Ukibadilisha mfano inaweza ikaja kinyume. Hasira mara hasira haileti furaha.

Fundi Hisabati

Maalim kasema kweli, na burhani ipo, nilikuja kuiona baadaye kwa kutafuta mwenyewe. Tatu ukijumlisha na hasi tatu unapata sifuri. Sifuri ukiizidisha na chochote ni sifuri. Kwa hiyo hasi mbili mara mabano yenye tatu na hasi tatu lazima iwe sifuri. Sasa fungua mabano. Hasi mbili mara tatu ni hasi sita, hiyo wote tunaikubali, ni deni la mbili mara tatu. Inabaki hasi mbili mara hasi tatu. Jumla ya viwili hivi lazima iwe sifuri. Kitu gani ukikijumlisha na hasi sita unapata sifuri? Sita. Basi. Hakuna njia nyengine.

Maalim wa Wete

Muqaddima, muqaddima, natija: misingi miwili ya hoja, kisha hitimisho. Safi. Tena hukushika fimbo.

Mtu wa Chake, uliniuliza swali gani niliwahi kuulizwa nikasema sijui. Nimefikiri tangu adhuhuri. Silo kwamba sikuwahi kutolijua. Yapo mengi. Ila kulisema mbele ya watoto, silikumbuki hata mara moja.

Mzalendo wa Jang'ombe

Na la mtihani wa Fomu Foo bado tutarudi. Hatujamaliza.

Mama wa Fuoni

Nimemsomea mtoto yote mawili baada ya magharibi. La deni kacheka, kasema kaka wa Mkokotoni aje awasomeshe. La mabano kaliandika daftarini, akalitazama kimya mpaka tumekwisha kula. Baba yake alikuwapo.

Kisha kaniuliza, nanukuu kama alivyosema: "Mama, ile kanuni ya kufungua mabano tuliiona ni kweli kwa namba za kuhesabia vitu, maembe na machungwa. Nani kasema namba hasi nazo lazima ziifuate?"

Sikuwa na jibu. Baba yake kaweka kikombe chini, kanitazama, kisha kasema, "Hebu waulize hao watu wako."

Fundi Hisabati

Dada, nimelisoma swali hilo mara tatu. Mwambie mwalimu wa hisabati kasema hajui namna ya kulijibu. Mwambie anipe mpaka Ijumaa.